Huruma Haijazi Kibaba

Hujafa hujaumbika. Methali hii sisi wanafunzi tunaipenda mno. Mwalimu akitoa insha yoyote inayohusu ajali, ugonjwa au mtu aliyekatwa mguu, utaikuta pale mwishoni imeandikwa kwa mwandiko wa kupendeza, ikingojea alama. Lakini hebu jiulize, methali hii inazungumza na nani? Inazungumza na mimi niliye mzima. Inanionya nisicheke, kwani kesho huenda ikawa zamu yangu. Kuhusu yule mwenye ulemavu mwenyewe haisemi lolote. Haisemi atakula nini, atavaa nini, wala kodi ya nyumba atailipa kwa nini. Mimi leo nataka kuanzia pale methali inapoishia.

Mpenzi msomaji, nia yangu si kukutoa machozi. Machozi tumeyamwaga ya kutosha katika harambee. Nataka tuzungumze juu ya kazi. Hoja yangu ni hii: kijana mwenye ulemavu anapofunzwa ufundi, mwalimu humpa nusu ya mafunzo tu. Nusu ile nyingine iko mikononi mwetu sisi tutakaokuwa wateja wake, na nusu yetu bado hatujaitoa.

Kwanza tutazame hesabu, ili mtu asije akasema naongea juu ya watu wawili watatu. Sensa ya mwaka 2019 ilipata kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka 5 na kuendelea wana ulemavu wa namna fulani, yaani karibu watu laki tisa. Katika kaunti zote 47, iliyoongoza ilikuwa hii yetu ya Embu, asilimia 4.4. Homa Bay ikafuata, kisha Makueni na Siaya. Maana yake ni kwamba ukikusanya watu 1000 wa Embu, 44 kati yao wana ulemavu. Hiyo si aibu. Waliohesabiwa ni wale waliotajwa, na mtu aliyefungiwa chumba cha nyuma wageni wanapobisha hodi hatajwi wala hahesabiwi. Basi huenda hata hao 44 si wote.

Kabla sijaendelea, niseme neno kuhusu majina, kwa kuwa hiki ni chama cha Kiswahili na najua kuna watu watanishika shati. Kilema, kipofu, kiziwi, kiwete: maneno haya yote yana umbo la KI-VI, sawa na kiti na kijiko. Wengine husema ndiyo sababu yanadharau watu. Wengine hujibu kwamba hata kiongozi na kijana ni KI-VI vilevile na hakuna anayelalamika, maadamu upatanisho ni wa A-WA. Ubishi huo ni mtamu, lakini Katiba yetu ya mwaka 2010, ibara ya 54, imeshaamua jambo moja: mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutajwa kwa namna isiyomshusha hadhi. Mimi nitasema "mwenye ulemavu". Ila naamini jina tamu kuliko yote ambalo mtu wa umri wa miaka ishirini anaweza kuitwa ni jina la kazi yake: fundi, seremala, mshonaji, mfugaji. Ukimwita mtu fundi, macho ya wanaosikia huenda kwenye mikono yake, hayaendi kwenye mguu wake.

Sasa tuje kwa mafunzo yenyewe. Si kweli kwamba hakuna kilichofanywa. Panda matatu hapa Embu uelekee Meru, upite Runyenjes na Chuka, uende Igoji na Nkubu mpaka Meru mjini. Katika barabara hiyo moja utakuwa umepita karibu na Shule ya Viziwi ya St. Luke's hapa Embu, Shule ya Wasioona ya St. Lucy's kule Igoji, na Shule ya Viziwi ya Kaaga huko Meru. Na tena hapahapa Embu kuna kituo cha serikali cha kuwafunza ufundi vijana na watu wazima wenye ulemavu. Ni kimoja kati ya vituo 12 vya namna hiyo nchini. Vingine viko Machakos, Murang'a, Nyandarua, Kericho, Kabarnet, Kisii, Kakamega, Bura kule Taita na kwingineko. Vituo hivi hufunza kazi kama ushonaji, useremala na kutengeneza vitu vya ngozi. Wazo lenyewe ni la zamani, kwani lilitokana na waraka wa serikali wa mwaka 1968. Halafu mwaka 1980 ukatangazwa nchini kuwa mwaka wa walemavu, na mwaka 1981 Umoja wa Mataifa nao ukafanya hivyo kwa dunia nzima. Wazazi wetu walikuwa wadogo wakati huo, sisi hatukuwa tumezaliwa.

Lakini umeona jambo gani katika orodha ile ya vituo? Meru haimo. Kaunti yenye watu zaidi ya milioni moja na nusu kwa sensa ya 2019 haimo. Kijana wa Maua au wa Mikinduri anayetaka kufunzwa ufundi katika kituo kama hicho hana budi kufunga safari ya zaidi ya kilomita 100 kuja huku kwetu. Kwa kijana mzima hiyo ni safari ya asubuhi moja tu. Kwa kijana anayetumia kiti cha magurudumu, hebu fikiria: makanga atakikunja kiti na kukirusha juu ya gari, halafu atadai nauli ya watu wawili. Na ikiwa ni msichana, mama yake atalala macho wazi akiwaza ni nani atakayemlinda huko ugenini. Simlaumu mama huyo hata kidogo. Nyanya yangu mzaa mama ni wa upande wa Nkubu, na nimewasikia akina mama wa huko wakisema wazi: afadhali akae hapa nyumbani nikimwona.

Dawa ya umbali huo ipo, tena iko karibu. Kila kaunti ina vyuo vyake vya ufundi, vile ambavyo wazee wangali wanaviita politekniki za kijiji. Viko chini ya serikali za kaunti tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013. Vikifunguliwa milango kwelikweli, kijana wa Maua atasomea Maua. Nasema kwelikweli kwa sababu mlango unaweza kuwa wazi na mtu asiweze kuingia. Chuo kikiwa na ngazi tatu mlangoni na choo chenye mlango mwembamba, mwenye kiti cha magurudumu amemaliza masomo kabla hajaanza. Mwalimu akieleza namna ya kukata kola huku amewapa wanafunzi mgongo, yule asiyesikia amebaki na chaki ubaoni tu. Mambo haya hayahitaji mabilioni. Yanahitaji simenti ya kumwaga mteremko, seremala wa kupanua mlango, na mwalimu mmoja au wawili wanaojua Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba yenyewe imeitaja na kuagiza ikuzwe.

Tuseme basi kijana amefika, amefunzwa na amehitimu. Je, safari imeisha? Hapa nitatoa mfano ninaoujua kwa macho yangu. Karibu na steji ya kwetu kuna fundi wa nguo asiyesikia. Alisomea ushonaji akarudi nyumbani na cheti kizuri chenye muhuri. Cheti kile kilikaa ndani ya sanduku la nyanya yake zaidi ya mwaka mmoja, na yeye akarudi kuchunga mbuzi. Kwa nini? Kwa sababu hakuwa na cherehani, na cheti hakishoni suruali. Kilichomwokoa ni chama cha akina mama. Zamu ya kupokea pesa ilipomfikia nyanya yake, akanunua cherehani ya miguu iliyotumika, na hapo ndipo ushonaji ulipoanza. Liko Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na lina mfuko ambao husaidia kwa vifaa vya kazi. Hilo ni jambo jema. Hata hivyo, ni vijana wangapi kijijini wanaojua kwamba kuna fomu ya kujaza, na ni nani wa kuwasomea fomu yenyewe? Mimi ningependa kuona siku ya kutoa vyeti kila anayehitimu akiondoka na cheti mkono mmoja na vifaa vya kazi mkono wa pili. Ukimfunza mtu kulima ukamnyima jembe, umemfunza njaa.

Sasa fundi wetu ana cherehani. Tumefika kwako wewe na mimi. Nimekaa katika kibanda kile nikingojea sweta yangu ishonwe kiwiko, nikaona mambo. Kazi ni ya shilingi 500. Mteja anafika, anainua vidole vitatu. Fundi anatikisa kichwa. Mteja anaweka mia tatu mezani, anachukua suruali yake na kwenda zake, kwani anajua huyu hawezi kumpigia kelele steji nzima ikasikia. Fundi anayesikia angemwandama mpaka barabarani! Jambo la ajabu ni kwamba mteja wa namna hii akikutana na fundi huyohuyo Jumapili, atamtilia shilingi 20 mkononi na kumtakia baraka. Jamani, tumemdhulumu mia mbili, tukamrudishia ishirini, kisha tunajiita wenye huruma?

Kuna na mteja wa pili, na huyu ni mpole. Zipu ikikatika baada ya siku tatu, harudi. Anasema, "Maskini, wacha tu," kisha safari ijayo anapeleka nguo zake kwingine kimyakimya. Anadhani ametenda wema. Lakini fundi gani aliyepata kuwa fundi bila kulalamikiwa? Fundi mzima huambiwa: mkono huu umeupinda, hii kola imekaa upande, rudia. Basi hurudia, na kesho yake hashoni hivyo tena. Yule anayehurumiwa haambiwi kosa lake, anaona tu wateja wakipungua. Kwa hiyo naomba, nguo ikiharibika irudishe. Mwonyeshe palipokosewa. Akikutengenezea vizuri, mlipe bei kamili. Huko ndiko kumheshimu mtu, kumdai kazi nzuri na kumlipa yote.

Tena, kazi ya mikono peke yake haitoshi. Kuna mafunzo mengine ambayo hayana cheti, yanayoitwa stadi za maisha. Kujua kuhesabu chenji. Kupanda gari na kushuka mahali panapofaa. Kupika uji, kufua, kujitunza mwili. Kujua ni nani wa kumwamini na namna ya kusema hapana, na kwa msichana hili la mwisho ni kinga yake. Chukua mfano wa simu. Pesa siku hizi ziko kwenye simu, na mtu asiyeona ambaye hakufunzwa kuitumia mwenyewe humpa mtu mwingine namba yake ya siri. Siku hiyo amekuwa tajiri wa kusimuliwa. Noti zetu zilizotoka mwaka 2019 zimewekewa alama za kupapasa ili asiyeona azitambue, lakini alama hizo zinamfaa yule aliyefunzwa kuzipapasa.

Kwa wale wenye ulemavu wa akili, stadi hizi ndizo shule yenyewe. Mtaala mpya ulioanza kutumika nchini mwaka 2019 umewatengea njia yao, inayoanzia ngazi ya msingi, ikaja ya kati, ya kuandaliwa kwa ufundi, na mwisho ya ufundi wenyewe. Mtu asiseme kuvaa viatu na kuchemsha chai si elimu. Nyumba ambayo ina kijana wa miaka ishirini asiyeweza kuachwa peke yake ina watu wawili wasiokwenda kazini, yeye na mama yake. Siku kijana yule atakapoweza kujipikia chai na kukaa salama mpaka jioni, mama ataenda kuchuma majani chai au kuuza ndizi sokoni. Umefunza mmoja, wakaenda kazini wawili.

Najua kuna watakaonipinga. Nimeshasikia wengine darasani wakisema: "Kwani hata wenye digrii si wanatembea tu bila kazi? Hao wengine watapata wapi?" Hoja hiyo si ya kudharau, kwa sababu ni kweli ajira ni ngumu. Lakini mwenye digrii anangoja kuajiriwa, na fundi anangoja wateja. Suruali zitaendelea kupasuka, soli zitaendelea kung'oka, viti vitaendelea kuvunjika, serikali iajiri isiajiri. Tena aliyenyimwa kazi kwa sababu nafasi zimekwisha si sawa na aliyenyimwa kwa sababu ameonekana akiingia na mkongojo. Kwa ajili hiyo ndiyo Bunge likatunga sheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 imepokewa na nyingine ya mwaka 2025, na hii mpya inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi wasiopungua 20 awatengee wenye ulemavu angalau asilimia 5 ya nafasi. Piga hesabu: asilimia 5 ya 20 ni mtu mmoja. Je, mtu mmoja kati ya ishirini ni wengi, na hapa kwetu karibu mmoja kati ya ishirini na watatu ana ulemavu?

Wengine husema kazi ya watu hawa si safi. Hao nawajibu kwa ufupi: tazama mshono, usitazame mshonaji. Kama mshono ni mbaya, kataa. Kama ni mzuri, umeshindwa hoja.

Nisije nikawa kama yule anayeonyesha njia na mwenyewe haitembei, nimalizie hapa shuleni kwetu. Nina mapendekezo matatu.

La kwanza ni kwa ofisi. Mwalimu Mkuu, samahani nikiingilia mambo ya wakubwa. Shule yetu ni ya umma. Tangu mwaka 2013 kuna mpango wa serikali wa kuwatengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya zabuni za umma, na sheria ya ununuzi ya mwaka 2015 ikautia nguvu. Sisi hununua viti na madawati, mapazia ya ukumbi, makoti ya maabara. Mwaka huu tafadhali tuulizie pia kwa mafundi waliohitimu katika kile kituo cha hapa Embu. Sisemi wapewe bure. Walete sampuli, zipimwe pamoja na za wengine, na kazi nzuri ishinde.

La pili ni kwetu wanafunzi. Sisi ni wa kutwa, kila jioni tunapita sokoni. Kila mmoja wetu ana sweta iliyotoboka au kiatu kinachocheka. Mtafute fundi mwenye ulemavu aliye karibu na njia yako, mpelekee kazi, ulipe bei iliyotajwa. Usiinue vidole vitatu.

La tatu ni kwa chama hiki. Tunajifunza misamiati kila Alhamisi. Basi tuchukue Alhamisi chache tumwalike mtu anayejua Lugha ya Ishara atufunze maneno thelathini tu: salamu, nambari, bei ngapi, pima, fupisha, refusha, kesho, asante, na hili muhimu, "hapa umekosea, rudia". Chama cha lugha kinachoshindwa kuzungumza na jirani yake wa steji kinajisifia lugha gani?

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Haba iliyokusudiwa ni ya nafaka, inayopatikana kwa kazi. Huruma hata ukiimimina debe zima, kibaba kitabaki kitupu na mtu atalala njaa. Fundi yuko kazini, cherehani iko tayari na uzi umetungwa. Kinachongojewa ni nguo yako na bei kamili.